Kovu Linaloota Baada ya Kisu

Jioni hii twavuka mpaka wetu wa kusini hadi Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Huko, katika hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa manufaa ya nchi nyingi za Afrika. Chuo hicho hakiwafundishi madaktari bingwa peke yao. Huwachukua pia matabibu wa kawaida, wale wanaokutana na mgonjwa kwanza katika zahanati ya mbali, kikawafunza kwa miaka miwili na kuwarudisha makwao.

Jambo hilo lamhusu askari, kwa kuwa kazi ya askari ni kazi ya majeraha. Seng'enge, risasi, panga la mhalifu, hata kisu cha daktari mpasuaji: vyote huacha alama, na habari ya jeraha haishi siku nyuzi zinapotolewa. Kwa baadhi yetu ngozi haijui pa kukoma. Kovu hupanda, huwa gumu, huwasha na kuuma, kisha huvuka mipaka ya jeraha lenyewe na kuingia katika ngozi iliyokuwa nzima. Madaktari huliita keloidi, jina lililotolewa na tabibu Mfaransa, Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa. Huwapata zaidi watu weusi, na mara nyingi huandama ukoo. Hupenda kifua, mabega, masikio na taya. Si saratani, haliambukizi, wala si ushahidi wa kurogwa.

Yako makovu ya kuinuka yaliyotakwa na wenyewe. Washilluk wa Sudan Kusini, jirani zetu wa kaskazini, wamejulikana tangu zamani kwa safu ya vidoto vilivyoinuka katika paji la uso. Hilo ni pambo na utambulisho. Tunalozungumzia sisi huja bila kualikwa.

Liko pia jambo la pili, linalofanana na hili lakini silo. Mwaka 1872, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Heinrich Köbner alieleza habari za mgonjwa wake wa soriasi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba. Mgonjwa huyo aliumwa na farasi, na mahali pa meno pakatoka mabaka yale yale. Alipochanjwa chale za rangi, mabaka yakafuata mistari ya chale. Mbalanga nayo yaweza kufanya hivyo. Mwenye maradhi hayo huenda akayaona yakijitokeza penye mshono wa upasuaji, palipopigwa miale ya leza, au hata panaposuguliwa na mkanda kila siku.

Sasa tufike penye hatari. Mwenye keloidi huona haya, hukusanya akiba yake, akaenda kwa mtu anayemwahidi kuliondoa kwa kisu au leza siku moja. Kovu likikatwa tu, bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko la kwanza. Njia inayofaa ni ya subira: sindano za dawa ya triamsinoloni ndani ya kovu, zikirudiwa kila baada ya majuma kadhaa, kubana kovu, mabamba ya silikoni, na palipo na mitambo, mionzi mara baada ya kukata. Basi anayejijua ana ngozi ya namna hiyo na amwambie mpasuaji kabla ya kulala mezani.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa vikosi. Nywele zetu za kipilipili, zikinyolewa kwa wembe hadi chini kabisa, hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, zikaleta vipele vya kidevuni. Na kisogoni yapo mavimbe yanayoweza kugeuka makovu magumu. Baadhi ya makamanda huhesabu ndevu fupi za askari wa namna hiyo kuwa ni uvivu. Mimi naona si haki. Askari aliyeleta cheti cha tabibu na aruhusiwe kutumia mashine inayobakiza nywele kidogo, wala asiandikiwe kosa gwarideni kwa ajili ya ngozi aliyozaliwa nayo.