MASWALI YA MAWE

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya elimu ya miamba, nasi twaanza kwa kuungama kosa letu.

Zamani tulipokuwa tukifundisha watoto wadogo huko Misungwi, mwanafunzi mmoja alituuliza: “Mwalimu, ni nani aliyeyapandanisha majabali yale, jiwe juu ya jiwe, nayo hayaanguki?” Tukamjibu kwa ukali kwamba Mungu ndiye ajuaye. Akaketi, wala hakuuliza tena.

Laiti tungalimwambia hivi: majabali yale ni mawe ya itale, nayo yalipoa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Baadaye yakaingia nyufa, nyingine za wima, nyingine za kulala. Maji yakapenya humo, yakaozesha kingo na pembe kidogo kidogo. Mvua ikauchukua udongo, ikaacha mioyo ya mawe imepandana kama tuionavyo.

Na nyufa hizo ndizo zitupatiazo maji. Jiwe la itale lisilo na ufa halipitishi maji. Achimbaye kisima juu yake hujichosha bure. Lakini mtaalamu hupitisha umeme kidogo ardhini, akapima, akaonyesha mahali penye ufa au jiwe lililooza.

Dakta John Williamson, mtu wa Kanada, alisomea elimu hii katika Chuo Kikuu cha McGill. Alifuata chembe nyeusi nzito katika mchanga, hata mwaka 1940 akagundua almasi ya Mwadui, huko Shinyanga. Wenyeji walikuwa wakizikanyaga chembe hizo kila siku. Hawakuwa vipofu, ila hawakufundishwa maana yake.

Siku hizi mtoto wetu hana haja ya kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu hii, iitwayo jiolojia. Mwanafunzi hujifunza kutambua mawe. Husaga kipande cha jiwe hata kikawa chembamba, mwanga ukapenya, akakitazama kwa hadubini. Kisha hutoka na nyundo na dira kwenda porini kuchora ramani ya miamba. Atakaye kufika huko, mvulana au msichana, na ashike sana hesabu, fizikia, kemia na jiografia tangu sasa.

Yule mwanafunzi wetu sasa ni mtu mzima. Majuzi tulimkuta anachimba kisima cha tatu. Viwili vya kwanza alikuta jiwe tupu. Alituamkia kwa heshima, akatukaribisha kivulini. Tuliona haya.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, mtoto akiuliza habari za jiwe, tusimnyamazishe. Tukijua, tumjibu, tusipojua, tumwambie, “Twende tukatafute.”

Kwaherini.