Chomoa Kabla Ngurumo Haijafika

Leo sina mgeni hapa Kampala. Ni mimi tu, na habari ya radi.

Msimu wa mvua uliopita, katika chumba chetu cha Nsambya, nilikuwa nimechomeka simu mbili kwenye ekstensheni moja. Ngurumo ikaanza. Shangazi akasema, "Mwanangu, chomoa." Nikamjibu, "Subiri kidogo shangazi, bado haijajaa." Ngurumo ikakaribia, akainuka kuchomoa mwenyewe. Radi ilipiga mkono wake ukiwa kwenye plagi. Alirushwa mpaka kitandani. Mungu alimwacha hai, ila mkono ulikaa na ganzi hadi asubuhi. Simu zote mbili ziliungua, na moja ndiyo iliyokuwa na namba za ndugu zetu wa Goma. Wengine sijawapata mpaka leo.

Najua kwa nini tunakimbilia simu. Pesa ya chakula inaingia humo, na sauti ya mama iko humo.

Sasa sikiliza. Si lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga nguzo au waya wa mbali, nguvu yake inafuata waya mpaka kwenye soketi. Soketi za Uganda ni za volti 240. Radi ina mamilioni. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Nafasi ndani ya swichi ni ndogo sana, na radi imeruka kilomita nzima kutoka mawinguni. Itashindwa kuruka hapo? Chomoa plagi yenyewe.

Wenye tivi wananiuliza kuhusu gadi. Nunua ukiweza. Umeme ukikatika na kurudi kwa fujo, gadi inauzuia dakika chache mpaka utulie. Lakini radi ya karibu itaiunguza gadi pamoja na tivi.

Na wewe wa sola usicheke! Waya unaotoka kwenye paneli juu ya paa nao ni njia. Utoe kwenye betri mapema, na usiguse ncha zilizo wazi.

Mapema ni lini? Wingu linapoanza kuwa jeusi. Ukishasikia ngurumo, radi inaweza kukufikia tayari. Hesabu kuanzia mwanga hadi sauti: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukichelewa, achana na waya. Acha viungue. Usirudishe plagi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Simu isiyo kwenye chaja haiiti radi, piga tu ukiwa ndani. (Shangazi bado anafunika kioo. Simbishii.)

Tarehe 2 Novemba 2024, kambini Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliua watu 14 waliokusanyika kusali, wengi wao watoto. Kibanda hakizuii radi. Jengo kubwa la kudumu au gari la bati lililofungwa ni afadhali, kama lipo karibu. Na aliyepigwa hana umeme mwilini: mguse, msaidie kupumua, ita watu wa kliniki.

Hapa dirishani wingu la ziwani limeshakuwa jeusi. Nachomoa mashine zetu. Tusikilizane Jumanne.