Msamaria, Mwenye Nyumba ya Wageni na Mgonjwa

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei





Nimeombwa na Tume ya Haki na Amani niseme nanyi juu ya ushirikiano kati ya Serikali na hospitali za Kanisa katika kuwahudumia wagonjwa. Huenda baadhi yenu mnajiuliza moyoni kama hilo si jambo la waganga, wahasibu na wanasheria. Nami niliwahi kufikiri hivyo. Naomba basi nianze na kisa kilichonifundisha vinginevyo.

1. Tuone

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko kijijini, niliteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya hospitali moja ya Kanisa. Sitaitaja. Hospitali ile ilikuwa na mkataba na halmashauri ya wilaya. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano walikuwa watibiwe bila kutoa fedha, na halmashauri ingeilipa hospitali kila baada ya miezi mitatu. Malipo yakachelewa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Dawa zikapungua, wauguzi wakapata nusu mshahara. Bodi ikaketi, ikaamua kwamba kuanzia mwezi uliofuata akina mama wajilipie. Nami nilikuwamo. Nilinyosha mkono pamoja na wenzangu. Barua ikapelekwa wilayani, nakala ikawekwa kabatini. Hakuna aliyefikiri kuwaambia watu, hata mimi niliyesimama mbele yao kila Jumapili.

Wiki tatu baadaye, mama mmoja wa kigango cha mbali aliletwa kwa baiskeli, uchungu umemshika tangu jana yake. Zahanati ya Serikali ilimwandikia rufaa aje kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kulikokuwa na chumba cha upasuaji. Jamaa zake hawakubeba fedha, maana kliniki waliambiwa kwamba kujifungua hakulipiwi. Alipasuliwa, na kwa neema ya Mungu na bidii ya madaktari, mama na mtoto wakapona. Lakini siku ya kutoka waliletewa hesabu ya kulipa. Mama yule alikaa wodini siku 11 zaidi, huku mumewe akizunguka kuuza mbuzi na mahindi ya chakula cha nyumbani.

Yule bwana alikuja kwangu kuomba msaada. Hakujua kwamba mkono wa paroko wake ulikuwa miongoni mwa mikono iliyonyoshwa. Nilimpa kiasi nilichokuwa nacho, naye akanishukuru sana kwa sadaka. Ndugu zangu, ile haikuwa sadaka. Nilikuwa ninamrudishia sehemu ndogo ya haki yake, nami nilimwacha aende zake akidhani kwamba nimemfadhili. Jambo hilo limekaa nami mpaka leo.

2. Ushirikiano huu ulikotoka

Wamisionari walijenga zahanati na hospitali katika nchi yetu tangu zamani za ukoloni, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na mganga mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilichukua jukumu la kueneza huduma za afya kwa wananchi wote. Hospitali ya Bugando kule Mwanza, iliyojengwa na Kanisa na kufunguliwa mwaka 1971, ilitaifishwa mwaka 1972, kisha mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa kwa makubaliano na Serikali. Hata sheria ya mwaka 1977, iliyopiga marufuku matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida, haikuyafungia milango mashirika ya dini. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa, na watu binafsi wakaruhusiwa tena.

Katika miaka hiyo ilianzishwa pia njia ya Hospitali Teule za Wilaya. Pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya Serikali, hospitali ya Kanisa iliteuliwa kufanya kazi ya hospitali ya wilaya. Sengerema na Rubya ni mifano inayojulikana na wengi. Kanisa hutoa majengo, vyombo na usimamizi. Serikali hutoa ruzuku, hulipa mishahara ya watumishi, na huchangia dawa. Kisha mwezi Februari 1992 Serikali ilitia sahihi makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo, na ikazaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Baadaye, hasa tangu sera ya afya ya mwaka 2007, ilihimizwa mikataba ya huduma baina ya halmashauri na hospitali zisizo za Serikali, mikataba ya namna ile niliyoisimulia.

Kwa nini mikataba ilihitajika? Kwa sababu mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za Serikali, na pamoja nao ukawekwa utaratibu wa msamaha kwa mama wajawazito, watoto wadogo, na wasio na uwezo, nao wazee maskini wakatajwa baadaye. Lakini msamaha huo hauvuki wenyewe mlango wa hospitali ya Kanisa. Serikali humsamehe mgonjwa malipo yaliyo yake. Haiwezi kumsamehe malipo ya nyumba ya mwingine isipokuwa imekubali kuyalipa yenyewe. Mkataba ndio daraja ambalo haki ya maskini hupita juu yake. Daraja likivunjika, maskini ndiye anayetumbukia mtoni. Halmashauri haitumbukii, wala bodi haitumbukii.

3. Tupime kwa mwanga wa Injili

Tumezoea kumhubiri Msamaria Mwema, na ni haki. Hata hospitali ya KCMC kule Moshi iko chini ya shirika lenye jina lake. Lakini yumo mtu mwingine katika mfano ule ambaye hatumhubiri, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakuwa na nyumba ya kumlaza majeruhi. Mwenye nyumba alikuwa na kitanda, lakini hakupita katika njia ile ya Yeriko. Mmoja bila mwingine, yule mtu asingepona. Basi wakapatana. Msamaria alitoa dinari mbili kwanza, akaahidi kwamba kikizidi chochote atalipa atakaporudi.

Tuangalie mambo matatu katika mapatano hayo.

Kwanza, fedha ilitangulia. Msamaria hakumwambia mwenye nyumba ahudumie sasa, na malipo yatajadiliwa mwakani. Mkubwa anayechelewesha malipo ya mkataba asidhani kwamba anakopa kwa Kanisa. Anakopa kwa mama aliyelala wodini, naye hana cha kumkopesha.

Pili, mwenye nyumba aliaminiwa. Aliachiwa fedha, naye alipaswa kuonyesha alivyozitumia. Hospitali ya Kanisa inayopokea ruzuku ya umma imepokea dinari za wote, Wakristo, Waislamu na wenye imani za jadi. Haiwezi kuficha hesabu zake kwa kisingizio kwamba ni mali ya jimbo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tatu, majeruhi hakuulizwa kitu. Hakuwekwa rehani mpaka Msamaria arudi. Deni lilikuwa kati ya wale wawili, wenye nguvu ya kudaiana. Hapa ndipo bodi yetu ilipokosea. Tulikuwa na madai halali kwa halmashauri, tukayahamisha tukambebesha mtu dhaifu kuliko wote waliohusika.

Msinielewe vibaya. Hospitali isiyo na fedha haiwezi kununua nyuzi za kushonea wala kumlipa muuguzi, na muuguzi naye ana watoto. Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wake mwaka 2006, hospitali nyingi za Kanisa zilipoteza watumishi waliokwenda kutafuta maslahi bora, wala hatuwezi kuwalaumu. Shida ni ya kweli. Lakini shida ya kweli hudai tuiseme mchana, mbele ya wanaohusika. Sisi tuliisema gizani.

Mafundisho ya Kanisa yanatuongoza. Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu matunzo ya afya miongoni mwa haki za binadamu. Naye Papa Pius wa XI, mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni, yaani chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo chombo kidogo chaweza kuifanya vema, bali kikisaidie kuifanya. Kwa kanuni hiyo, Serikali haipaswi kuizima hospitali ya Kanisa inayofanya kazi vizuri, na Kanisa halipaswi kudai kuwa peke yake pale ambapo Serikali yaweza kuwafikia wengi zaidi. Tangu mwaka wa fedha 2018/2019 Serikali imejenga hospitali nyingi mpya za halmashauri. Tuzifurahie. Lakini palipo na hospitali mbili, yafaa wakubwa wakae pamoja wapange nani afanye nini, badala ya kugombea watumishi na jina. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

4. Tutende

Sasa walei wafanye nini? Natoa mambo manne.

La kwanza, tuulize. Kila kiongozi aliyepo hapa ajue kama hospitali au kituo cha afya cha Kanisa kilicho karibu naye kina mkataba na halmashauri, unahudumia akina nani, na unaisha lini. Diwani ajibu kwa upande wake, na mganga mfawidhi kwa upande wake.

La pili, tutangaze. Yaliyomo katika mkataba yabandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, na yasomwe katika matangazo ya Dominika. Mkataba ukisimama, watu waambiwe siku hiyohiyo, ili familia ijue kabla uchungu haujaanza.

La tatu, tudai bila kumtesa mgonjwa. Malipo yakichelewa, bodi iandike na ifuatilie, iende kwa mkurugenzi, kwa baraza la madiwani, kwa mkuu wa wilaya, hata kwa mbunge. Walei ndio wapiga kura wao. Lakini mtu asizuiliwe wodini kwa deni la halmashauri.

La nne, tuwatambue maskini wetu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inaweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Bima ikienda vema itaimarisha ushirikiano huu, kwa maana mgonjwa atabeba haki yake mkononi, aingie mlango wa Serikali au wa Kanisa. Lakini nani atamtaja bibi anayeishi peke yake mwisho wa kijiji? Jumuiya inamjua. Isipomsemea katika mkutano wa kijiji, jina lake halitaandikwa, na nafasi yake yaweza kupewa ndugu wa mwenye sauti.

Mwishoni, mtaniuliza nilifanya nini. Nilichelewa. Katika kikao kilichofuata nilisimulia habari za mama yule, nikaomba uamuzi wetu uangaliwe upya. Baadhi walikubali, baadhi walikasirika. Tuliafikiana kwamba mama wa uzazi asizuiliwe tena, na deni lidaiwe wilayani. Halmashauri ililipa sehemu, baada ya miezi mingi. Kisha nilikwenda kigangoni kwa yule bwana, nikamweleza kwamba fedha niliyompa haikuwa sadaka, na kwamba nilikuwamo katika kikao kile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, ungetuambia tu. Tungeuza mbuzi mapema, kwa bei nzuri."

Sikuwa na la kumjibu. Ninawaachia ninyi neno lake, ndugu zangu, ili kesho na keshokutwa pasiwe na mtu wa kuwaambia hivyo.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, mama mjamzito akipewa rufaa usiku, anapelekwa wapi, na nani atalipa?

2. Ni nani kati yetu aliye mjumbe wa bodi au kamati ya afya? Ametuletea taarifa lini?

3. Ni nani katika jumuiya yetu asiyeweza kulipia matibabu, na tumemtaja mbele ya nani?