Mwanzi Haujui Mpaka

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni, dukani au njiani kwenda kazini, nakuomba unipe dakika chache tuutazame pamoja mmea mmoja ambao wengi wetu twaujua. Mmea huo ni mwanzi.

Mwanzi ni zawadi ya Mungu. Tangu zamani umeota wenyewe katika milima ya nchi yetu: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Elgon. Siku hizi wengi wanaupanda nyumbani, nao wafanya vema. Mwanzi huzuia upepo, hushika udongo kwenye mteremko, na hutupatia fito za ua, ngazi na miti ya kuegemeza nyanya. Chipukizi lake hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, na kwa miezi michache tu lafikia urefu wake wote. Baada ya hapo halirefuki tena wala halinenepi. Lakomaa tu, na likipata miaka mitatu hivi lafaa kukatwa.

Lakini yeye apandaye mwanzi na aijue aina yake. Ipo mianzi ya namna mbili. Ya kwanza hukaa mahali pamoja kama kichaka na kupanuka polepole. Ndivyo ulivyo ule mwanzi mnene wa manjano wenye michirizi ya kijani. Ya pili hutembea, kama ule mwembamba uitwao mwanzi wa dhahabu, ambao asili yake ni China. Shina lake la chini, ambalo sisi twaliita mzizi, hutambaa chini ya udongo, nalo laweza kwenda mita kadhaa kwa mwaka mmoja.

Tuseme mtu ameupanda mwanzi huu wa kutembea hatua mbili kutoka mpakani. Mwaka wa kwanza na wa pili haoni neno. Mwaka wa tatu au wa nne, mvua zinaponyesha, chipukizi lachomoza katikati ya sukuma wiki za jirani. Jirani ananyamaza. Msimu ufuatao yametoka kumi. Anachukua panga na kuyakata, nayo yarudi tena, kwa maana panga hukata juu, na uhai uko chini. Mwishowe watu wawili waliokuwa wakiombana chumvi na kusindikizana kanisani wanakutana mbele ya chifu. Na mwenye mwanzi ana neno moja tu la kujitetea: “Mimi nilipanda kwangu.”

Ni kweli, alipanda kwake. Lakini tusome Torati. Katika Kutoka 22:6 twaambiwa juu ya moto utokao shambani mwa mtu na kuteketeza nafaka ya mwenziwe. Aliyeuwasha sharti alipe. Tena katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu ajengaye nyumba mpya aagizwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asije akaanguka. Angalieni, ndugu zangu: ukingo wawekwa wakati wa kujenga, kabla hajaanguka mtu. Kumpenda jirani huanza kabla ya jirani kulalamika.

Basi afanyeje mpenda mwanzi? Kwanza, akiweza, apande ule ukaao kichakani. Akipanda ule utembeao, aukae mbali na mpaka, na siku ile ile ya kupanda achimbe. Mizizi mingi hupita katika sentimita 30 za juu. Wengine huzungushia plastiki nene na ngumu, iliyozikwa sentimita 60 hadi 75, na kuacha sentimita 5 zikionekana juu ya udongo, ili mzizi ukitaka kuruka uonekane. Mabati hayafai, kwa kuwa yashika kutu. Asiye na fedha ya plastiki achimbe mtaro wa kina cha sentimita 30 au zaidi kidogo na kuuacha wazi. Kisha mara mbili kwa mwaka aupitie, na kila mzizi uliotokeza aukate. Mtaro usiopitiwa hujaa udongo, na mwanzi huvuka.

Na kama umekwisha kuvuka? Usingoje kuitwa kwa chifu. Chukua jembe lako mwenyewe, nenda umwombe jirani ruhusa ya kuingia, uung'oe mzizi wote. Vipande vitakavyobaki vitachipua. Rudi ukate kila chipukizi likingali changa, mpaka nguvu ya chini iishe. Huenda kazi hiyo ikachukua miaka miwili au mitatu. Vivyo hivyo imani iliyovunjika kati ya majirani hairudi siku moja. Usikasirike jirani akikutazama kwa shaka mara ya kwanza. Mara ya nne atakuletea maji ya kunywa.

Msikilizaji mpendwa, labda huna hata mwanzi mmoja. Lakini neno baya juu ya jirani, lililosemwa mezani mbele ya watoto, nalo hutambaa. Watoto hulibeba shuleni, na siku moja lachomoza mlangoni pa watu. Ulisema kwako, lakini halikukaa kwako. Leo jioni, kabla jua halijatua, zunguka mpaka wako. Tazama ni kitu gani chako kimeingia kwa mwenzako, nawe uwe wa kwanza kwenda.

Tuombe. Ee Baba, tufundishe kuchimba mapema, na utupe unyenyekevu wa kuvuka mpaka tukiwa na jembe la kutengeneza. Kwa jina la Yesu. Amina.