Mapatano Yasiyovunjika Njiani



Hakuna katibu wa chama cha msingi asiyelijua jambo hili: mikataba imetiwa sahihi, magunia yamehesabiwa, kisha usiku mzigo wa baadhi ya wanachama wapita mlango wa nyuma. Desturi ni kulaumu ulaghai. Ulaghai upo, lakini wanahisabati wameonyesha sababu nyingine: huenda mpango wenyewe ulikuwa na ufa tangu siku ulipoandikwa.

Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley, huko Marekani, walichapisha makala fupi kuhusu kuwapangia wanafunzi vyuo. Mpango thabiti, walisema, ni ule usioacha wawili ambao hawakupangiwa pamoja lakini kila mmoja angempenda mwenziwe kuliko aliyepewa. Wawili kama hao wakiwapo watatafutana, kanuni itake isitake.

Njia yao ni nyepesi. Upande mmoja hupeleka ombi kwa aliye wa kwanza katika orodha yake. Anayeombwa humshika mwombaji bora bila kufunga mkataba, na waliokataliwa huenda kwa wa pili wao. Akija aliye bora zaidi, wa awali huachiliwa. Maombi yakikoma, ndipo mikataba hufungwa.

Je, nani aanze kuomba? Chukueni vyama viwili, Mlimani na Bondeni, na viwanda viwili vya kukoboa kahawa, cha Mashariki na cha Magharibi, kila kimoja kikiwa na nafasi ya chama kimoja. Mlimani wapenda Mashariki, Bondeni wapenda Magharibi. Lakini Mashariki chataka kahawa ya Bondeni, na Magharibi chataka ya Mlimani. Vyama vikianza kuomba, kila chama hupata kiwanda kikipendacho. Viwanda vikianza, kila kiwanda hupata chama kikitakacho. Mipango yote miwili ni thabiti, ila faida yaenda kwa aliyefungua mazungumzo. Hilo si jambo dogo, na mara nyingi vyama huliachia upande wa pili bila kujua.

Mpango usio thabiti mara nyingi hufa. Alvin Roth aliandika mwaka 1991 jinsi miji ya Uingereza ilivyowagawia madaktari wapya nafasi za hospitali. Newcastle na Birmingham walitumia hesabu isiyo thabiti. Hospitali na madaktari wakawa wanapatana pembeni mapema, na mipango hiyo ikaachwa. Ya Edinburgh na Cardiff, iliyokuwa thabiti, ilidumu.

Lakini kahawa haiishii kwa wawili. Mwaka 2008 Michael Ostrovsky aliipeleka hoja hiyo katika mnyororo mzima wa biashara, kutoka mzalishaji hadi mnunuzi wa mwisho. Chama hakitapeleka mzigo kwa kiwanda kisicho na mnunuzi. Kiwanda hakitapokea mzigo kisiojua kitauuza wapi. Naye mnunuzi hanunui hewa. Wakikaguliwa wawili wawili, hakuna anayetaka kuondoka. Wakikaa watatu mezani, wote huondoka pamoja. Kikao cha msimu kinachokutanisha chama na kiwanda peke yao hakiwezi kuuona ufa huo.

Ostrovsky alithibitisha kwamba mpango usiovunjwa na mnyororo wowote hupatikana daima, masharti mawili yakitimia. Kwanza, mizigo ya upande mmoja iweze kushika nafasi ya mingine: ukikosekana wa Mlimani, wa Bondeni wafaa. Pili, oda za wanunuzi zikiongezeka, haja ya mzigo isipungue. Kiwanda kinachochanganya arabika na robusta, kisichoweza kutumia moja bila nyingine, chavunja sharti la kwanza, na hapo hakuna hakika kwamba mpango thabiti upo. Katibu mwenye mteja wa namna hiyo yafaa akutane na chama kinacholima aina ile nyingine kabla ya mavuno, na mizigo yote miwili iandikwe katika mkataba mmoja.