C Sanifu na C ya Kilahaja

Hotuba kwa wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kompyuta. Nitashika jambo moja tu, nalo ni lugha iitwayo C.

Lugha hii ilibuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mnamo mwaka 1972. Ili mashine iielewe, yahitajika kompaila, yaani programu inayoigeuza C iwe maagizo ya mashine. Kompaila zilipokuwa nyingi, lahaja nazo zikazidi, hata mwaka 1989 Wamarekani wakatoa C sanifu, kama vile sisi tulivyopata Kiswahili sanifu kilichotokana na Kiunguja.

Hata hivyo, watengenezaji hawakuacha kutia nyongeza zao. GCC, kompaila iliyotolewa mwaka 1987, humruhusu mtu kuandika fanksheni ndani ya fanksheni, Clang huikataa. GCC hukubali kujumlisha namba kwenye pointa ya void. Kompaila ya Microsoft husema ni kosa. Programu ni ile ile, lakini hapa inapita, pale inagoma.

Hasara yake si ndogo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilizoea desturi za GCC. Watu walipotaka kuijenga kwa Clang walikwama, mathalani kwenye safu za urefu wa kubadilika zilizotiwa ndani ya struct, jambo lisilokuwamo katika C sanifu. Safu za urefu wa kubadilika zilikuja kumalizwa katika Linux kwenye toleo la 4.20, Desemba 2018.

Basi vijana, fanyeni hivi. GCC isipoambiwa neno hufuata lahaja yake; iambieni -std=c11 -pedantic-errors, nayo itawaonyesha mlipotoka nje ya sanifu. Kisha jengeni kazi yenu kwa kompaila mbili, tangu siku ya kwanza. Na kama nyongeza hamna budi nayo, iwekeni katika faili moja, izungushieni #ifdef, ili atakayekuja baadaye ajue pa kurekebisha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini programu haikai kwao. Husafiri kwenda kwenye mashine msizozijua, mikononi mwa watu msiowajua. Iandikeni ipokelewe huko pia.