Nani Anaweza Kuokoka? Mjadala wa Uteule kutoka Hippo hadi Dordrecht

Fundisho la uteule linajibu swali moja gumu: watu wawili wanaposikia Injili ile ile, mmoja akaamini na mwenzake akakataa, tofauti hiyo imetoka wapi? Jibu likiwa kwamba imetoka kwa mtu mwenyewe, aliyeamini anabaki na cha kujivunia mbele za Mungu. Likiwa kwamba imetoka kwa Mungu peke yake, aliyekataa anaonekana kupotea kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Maandiko yamebeba uzito wa pande zote mbili. Sura ya 9 ya Waraka kwa Warumi inazungumzia Yakobo na Esau, mfinyanzi na udongo wake. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unafundisha kwamba Mungu anapenda watu wote waokolewe. Hakuna kundi lililoingia katika mjadala huu bila aya za kusimamia, na jambo hilo lapasa kukumbukwa kabla ya yeyote kuitwa mzushi.

Mjadala ulipata umbo lake Afrika ya Kaskazini. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo hadi alipofariki mwaka 430. Mpinzani wake, Pelagius, alikuwa mtu wa Britania aliyefundisha Roma na kukerwa na Wakristo waliougeuza udhaifu wa kibinadamu kuwa kisingizio. Kwa Pelagius, Mungu wa haki hawezi kumwamuru mtu jambo asiloliweza. Agostino alijibu kwamba anguko la Adamu limejeruhi utashi wenyewe; mtu hahitaji mfano mwema tu wa kufuata, anahitaji kuponywa ndani, na uponyaji huo ni zawadi ambayo Mungu humpa amtakaye. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulimpa Agostino ushindi.

Ushindi huo haukuzima maswali. Watawa wa Hadrumetum, mji ambao sasa ni Sousse nchini Tunisia, walishtushwa na maandishi ya Agostino. Ikiwa kila tendo jema ni neema, kwa nini mkuu wa monasteri amkaripie mtawa aliyekosa, badala ya kumwombea tu? Swali hili la watu wa sala, lisilo na makeke ya kitaaluma, ndilo zito kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu linagusa malezi, maonyo na mahubiri. Agostino aliwaandikia kwamba karipio lenyewe ni njia ambayo neema hutumia. Wengi waliridhika, watawa wa kusini mwa Ufaransa hawakuridhika. Karne moja baadaye, mwaka 529, mtaguso wa Orange uliamua kwamba neema hutangulia hata hamu ya kwanza ya kuamini, na papo hapo ukawalaani wanaosema kwamba Mungu amewapangia watu wengine uovu. Kanisa la Magharibi lilichukua nusu ya kwanza ya Agostino, kwamba neema hutangulia, na kuikataa tafsiri kali ya nusu ya pili, kwamba Mungu humpa neema hiyo amtakaye. Mtawa Gottschalk wa Orbais aliyeihubiri tafsiri hiyo alichapwa viboko mbele ya mtaguso wa Quierzy mwaka 849, akafungwa katika monasteri maisha yake yaliyobaki.

Matengenezo ya karne ya 16 yalilifufua suala hili. Luther aliandika mwaka 1525 dhidi ya Erasmus kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa. Calvin alikwenda mbali zaidi, akafundisha waziwazi kwamba Mungu ameamua tangu milele nani ataokolewa na nani atapotea. Hata hivyo, katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, hakuliweka fundisho hilo mlangoni. Alilifikia katika sehemu yake ya tatu, baada ya kueleza imani, toba na sala. Aliyelipandisha juu ya mambo yote ni mrithi wake Geneva, Theodore Beza, ambaye alichora jedwali lililoanza na amri ya milele ya Mungu na kushuka katika mikondo miwili, wa wateule na wa waliokataliwa. Mahali pa fundisho hubadili maana yake. Muumini anayetazama nyuma na kukiri kwamba Mungu ndiye aliyemtafuta anatoa shukrani. Fundisho lile lile likiwekwa mwanzo kabisa, kabla Kristo hajatajwa, linakuwa tishio.

Hapo ndipo aliposimama Jacobus Arminius. Alizaliwa Oudewater, Uholanzi, mji ambao askari wa Hispania waliuteka mwaka 1575 na kuwaua wakazi wake, wakiwamo ndugu zake. Alisoma Leiden, kisha Geneva chini ya Beza mwenyewe. Alikuwa mchungaji Amsterdam tangu mwaka 1588, na mwaka 1603 akawa profesa Leiden. Hakuwa Pelagius aliyefufuka, na wanaoendelea kumwita hivyo hawamtendei haki. Alikubali kwamba mtu aliyeanguka hawezi kuanza wala kukamilisha jema lolote bila neema. Lalamiko lake, alilolitoa mbele ya Baraza la jimbo la Holland mwaka 1608, lilikuwa kwamba mpangilio wa Beza unamfanya Kristo kuwa chombo cha kutekeleza uamuzi uliokwisha kupitishwa bila yeye, hali Maandiko yanasema kuchaguliwa ni ndani yake. Kwa Arminius, Mungu kwanza anamweka Kristo awe Mwokozi, kisha anaamua kuwapokea wote watakaomwamini, naye anawajua tangu milele. Alitoa mfano wa ombaomba anayenyoosha mkono kupokea sadaka ya tajiri: mkono ulionyooshwa haugeuzi sadaka kuwa mshahara.

Profesa mwenzake, Franciscus Gomarus, hakuridhika na mafundisho hayo. Kwake swali lilibaki pale pale: nani anaunyoosha mkono? Gomarus alishikilia kwamba amri ya uteule ilitangulia hata wazo la anguko, kwamba Mungu aliwachagua na kuwakataa watu wakiwa bado viumbe watakaoumbwa. Arminius alifariki Oktoba 1609, ugomvi ukiwa umekwisha kutoka chuoni na kuingia makanisani.

Mwaka 1610 wachungaji zaidi ya 40 waliomuunga mkono, wakiongozwa na Johannes Wtenbogaert, waliwasilisha hati ya vifungu vitano iliyowapa jina la Waremonstranti. Hati hiyo ilisema kwamba Mungu ameamua kuwaokoa wanaomwamini Kristo na kudumu; kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, ingawa msamaha unawafaidi waaminio tu; kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe; na kwamba neema ndiyo mwanzo na mwisho wa kila jema, ila inaweza kupingwa. Kuhusu iwapo muumini wa kweli anaweza kuanguka kabisa, walisema jambo hilo lichunguzwe zaidi katika Maandiko. Kwa unyenyekevu huo peke yake, kifungu cha tano kilistahili majibu ya upole.

Siasa haikuruhusu upole. Uholanzi ilikuwa katikati ya vita vya kujitoa mikononi mwa Hispania, na mwaka 1609 silaha ziliwekwa chini kwa miaka 12. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa Holland, aliyatetea mapatano hayo na akawakinga Waremonstranti. Mwanamfalme Maurits, amiri wa majeshi, aliyachukia mapatano na akajiunga na upande wa pili. Swali la nani kachaguliwa na Mungu likageuka swali la nani anaitawala nchi. Agosti 1618 Oldenbarnevelt alikamatwa pamoja na mwanasheria Hugo Grotius. Novemba mwaka huo sinodi ilifunguliwa Dordrecht, na wajumbe walikuja pia kutoka Uingereza, Uswisi na majimbo ya Ujerumani. Wafaransa walizuiwa na mfalme wao. Waremonstranti hawakuketi kama wajumbe. Waliitwa kama washtakiwa, na Januari 1619 mwenyekiti Johannes Bogerman aliwafukuza ukumbini. Mashauri ambayo mshtaki ndiye hakimu hayawezi kuitwa ya haki, hata kama hukumu yake ina mafundisho mema ndani yake. Mnamo Mei 13, 1619, siku chache baada ya wajumbe wa nje kuagwa, Oldenbarnevelt alikatwa kichwa mjini The Hague. Wachungaji wapatao 200 walipoteza nafasi zao.

Kanuni zilizotoka Dordrecht zinastahili kusomwa zenyewe, si kwa sifa zao mbaya. Watu huziita nukta tano za Calvin, ilhali Calvin alikuwa amefariki tangu mwaka 1564, na idadi ya tano ilitokana na vifungu vya wapinzani waliokuwa wakijibiwa. Hazikufuata mpangilio wa Gomarus: zinaanza na wanadamu wote wakiwa tayari wameanguka, na kusema kwamba Mungu kwa rehema anawachagua baadhi na kuwapita wengine. Wazo kwamba Mungu ndiye mwasisi wa dhambi linaitwa kufuru. Kifo cha Kristo kinatajwa kuwa na thamani ya kutosha kufidia dhambi za ulimwengu mzima, na ahadi ya Injili inaagizwa itangazwe kwa mataifa yote bila ubaguzi. Maneno hayo yana deni kwa watu kama John Davenant wa Uingereza na Matthias Martinius wa Bremen, walioshinikiza upana wa kafara usifutwe. Hata hivyo Kanuni zinashikilia kwamba Kristo alikusudia kifo chake kiwaokoe kwa hakika wateule tu, na kwamba neema inayowaongoa haishindwi, ingawa haiwatendei watu kama magogo.

Kwa hiyo tofauti iliyomwaga damu ilikuwa nyembamba kuliko kelele zake. Pande zote zilikubali kwamba wokovu ni neema tangu mwanzo hadi mwisho. Kiini cha kuachana kwao kilikuwa jambo moja: je, neema hiyo inaweza kukataliwa na yule inayemwendea? Dordrecht iliamua nani ashike mimbari. Swali lenyewe ililiacha hai, likatokea tena kati ya Wesley na Whitefield katika Uingereza ya karne ya 18, marafiki wawili waliohubiri toba kwa umati ule ule na kuachana juu ya uteule.

Warithi wa pande zote mbili walifika Afrika Mashariki. Wamethodisti wa mkondo wa Wesley walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wapresbiteri wa Scotland, waliolelewa na Ungamo la Westminster lenye fundisho la Calvin, walihamia Kikuyu mwaka 1898. Mwaka 1913 makundi hayo mawili yalikutana huko Kikuyu na wamisionari wengine kupanga shirikisho. Msingi waliopendekeza ulikuwa Maandiko na kanuni za imani za kale, ya Mitume na ya Nikea. Kanuni za Dordrecht hazikuwekwa mezani. Dhoruba iliyozuka baadaye, Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alipowashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda, ilihusu uaskofu na Meza ya Bwana, si uteule.

Lipo jambo ambalo Dordrecht haikulitendea haki, na kwa Wakristo wa Afrika ndilo kubwa zaidi: hali ya wale ambao hawakuisikia Injili kabisa. Kanuni ziliwafariji wazazi waaminifu kwamba wasiwe na shaka juu ya watoto wao waliofariki wakiwa wachanga. Kuhusu mataifa yaliyokuwa mbali, zilisema tu kwamba Mungu hutuma wahubiri kwa watu awatakao na wakati autakao. Mababu walioishi na kufa kabla mhubiri wa kwanza hajafika hawakupata mtetezi ukumbini mle. Mwanamatengenezo Huldrych Zwingli wa Zürich alikuwa amethubutu, karibu karne moja kabla, kuwahesabu wapagani wema kama Socrates miongoni mwa waliookoka, na Luther alikasirika sana. Kanisa Katoliki, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, lilifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu. Kuhusu uteule wenyewe, mwaka 1973 makanisa ya Kilutheri na ya Kireformati ya Ulaya, katika Mapatano ya Leuenberg, yalikubaliana kwamba laana zilizotamkwa zamani juu ya uteule hazihusu tena mafundisho ya pande hizo yalivyo sasa.